Baba Mkwe Kajiandika Kwenye Ensaiklopidia, na Mlezi Wake Ni Mimi

Mshauri mpendwa, naomba uniokoe, maana nyumbani nalala kwenye kochi na kwenye mtandao sina pa kuficha uso.

Mimi ni fundi miwani, na kila Jumamosi nafunga duka mapema, napanga viti chumba cha nyuma, nawafundisha wageni kuandika kwenye ile ensaiklopidia ya mtandaoni ambayo watu huihariri kwa kujitolea, na mimi ndiye mlezi wao, yaani nawaonyesha namna ya kutaja vyanzo, nasahihisha makala zao, na bila kujisifu mimi ni pilipili, asiye na chanzo namfutia hapo hapo huku anaangalia, akitaka kulia alie.

Sasa mke wangu akaniambia, "Baba amestaafu, anashinda akigombana na redio, mchukue darasani kwako," nikamchukua, kumbe najipalia makaa. Baba mkwe alikuwa mkaguzi wa mizani za sokoni, mtu na heshima zake, na somo la kwanza tu nilisema ni marufuku mtu kujiandika mwenyewe, akatikisa kichwa kukubali, akaenda nyumbani akajiandika. Mshauri, makala ina picha yake ameegemea gari la jirani, inasema ni "mkaguzi mashuhuri aliyewatetemesha wauza nyama wa vizazi vitatu", na mahali pa chanzo ameweka: "Muulizeni mke wangu."

Ningefanyaje? Mtu kakupa binti yake, unamfutaje? Nikaiacha, tena nikamrekebishia nukta na mkato, ikapendeza.

Jumamosi iliyofuata fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye nilimfutia makala nzima ya kuunga mabomba, akanyoosha mkono: "Mwalimu, yangu uliifuta kwa kukosa chanzo kimoja. Hii ya mzee ina chanzo gani?" Na mzee mwenyewe yupo kiti cha mbele, kakunja nne, ananitazama. Nikasema swali zuri sana, tutalijadili siku nyingine. Basi ikawa ruhusa, mchomeleaji akamwandika mjomba wake, bingwa wa drafti ambaye hajapata kushindwa "isipokuwa kwa hila", na muuguzi mmoja akaiandika kwaya yao, yeye akiwa "sauti ya kwanza isiyo na mpinzani".

Halafu akatokea mhariri mmoja wa mbali, simjui sura, anajiita Wembe, akapendekeza makala ya mzee ifutwe, ila kwanza watu waijadili. Mzee akakusanya ukoo. Mashangazi, wajomba, hata binamu ambao hawasalimiani, wote wakajiandikisha wakaja kwenye majadiliano: "Huyu mzee ni mtu safi." "Alinisomesha." "Mungu anawaona." Wembe akaniuliza mbele ya wote, "Wewe ndiye mlezi wake. Unasemaje?" Nikamjibu kwamba mtandao kwetu umekatika.

Mke wangu analia, "Baba atafutwaje na bado anapumua?" Ameapa makala ikiondoka naye anaondoka na watoto. Niseme nini, mshauri?

Mlezi Niliyebanwa

*

Mlezi, pole, maana mkwe si mtu wa kuchezea, nami nina wangu. Pole imeisha.

Huo ukali unaojivunia ni wa kuchagua watu. Kwa mchomeleaji wewe simba, kwa mkwe wewe paka wa jikoni. Hayo ya nukta na mkato ndiyo yaliyonichefua zaidi: unajua nyumba haina msingi, unaipaka rangi! Halafu unashangaa darasa zima limeanza kuandika wajomba. Wamejifunza kwako. Mwalimu ni wewe, au umesahau?

Na hiyo ya mtandao kukatika, uliyoiandika mtandaoni, nimeisoma mara mbili nikaenda kunywa maji.

Mkeo usimlaumu. Anadhani kufuta makala ni kumfuta baba yake, na aliyepaswa kumweleza yuko kwenye kochi kanuna. Mweleze leo, kwa sauti ya chini, bila maneno ya darasani.

Kisha nenda kwa mzee. Usimtume mtu wala usipige simu. Mwamkie, keti, mwambie: "Baba, makala ile itaondolewa, na mimi ndiye nitakayesema iondolewe, kwa sababu nilikufundisha sheria nikaogopa kukukumbusha." Atawaka. Muulize kwa adabu kama enzi zake angemruhusu muuza nyama aikague mizani yake mwenyewe. Hapo atanyamaza, na asiponyamaza, ataanza kukusimulia wauza nyama, jambo ambalo ni nafuu kuliko kesi.

Ukirudi, andika kwenye majadiliano kwa jina lako: iondolewe, nilikosea. Usiongeze hadithi.

Jumamosi mtake radhi mchomeleaji mbele ya wenzake, mrudishie makala yake, mkae mkitafute hicho chanzo pamoja. Kufuta hata kitufe kinajua. Mlezi anawekwa kwa ajili ya kutafuta. Mjomba wa drafti na kwaya vishughulikiwe siku hiyo hiyo, kwa mkono ule ule.

Mzee akikufukuza, ondoka, rudi kesho yake, rudi tena. Mwombe radhi kwa woga wako. Kwa kufuta, usiombe.