Ufunguo wa Bomba Niko Nao Mimi

Halima,

Salaam aleikum. Nimeanza na salamu yako, si yangu, usije ukasema nimekujia na kiburi. Wewe na mimi hatukukaa darasani hata siku moja, kwa hivyo huko uliko tafuta mtu akusomee. Huku anayeniandikia ni Rukia wako. Amekaa kwa ile stuli yangu ya mguu mbovu, mtoto amelala mgongoni, na nimemwambia aandike vile nasema, asinipambe.

Kuna jambo moja hajui. Wewe unalijua, mimi nalijua. Nitalisema humu, na yeye ndiye atakayeliandika kwa mkono wake. Naogopa tukifika hapo ataweka kalamu chini aende zake, na mimi nimeshamzoea. Lakini nimechoka kunywa chai ya mtoto wako nikiwa nimemficha. Sasa hivi ameinua macho. Andika, Rukia, tutafika.

Kwanza nikupe habari. Ufunguo wa bomba niko nao mimi.

Najua umecheka. Ulipotuacha, kamati ilihangaika wiki mbili ikitafuta mtu, mwishowe wakasema wampe yule anayepiga kelele kuliko wote kwa laini ya maji, labda akipewa kazi atanyamaza. Mwenyekiti akanivalisha ufunguo na kamba yako ya bluu. Fundo ni lile lile ulilofunga wewe. Sijaligusa.

Sasa nikuulize, kwa sababu ulikaa na huo ufunguo miaka mingi na hukuniambia kitu. Hicho kipande cha chuma kiko na nini ndani?

Siku ya kwanza nilienda vile naendaga. Siku ya tatu nikajishika natembea polepole, mkono mmoja nyuma ya mgongo, kama mtu wa serikali amekuja kukagua vyoo. Sauti yangu ikawa nzito. Nikisema kitu hakichekeshi, watu wanacheka. Wanaume wa mkokoteni, wale wenye shingo kama za ng'ombe, wananiita madam. Mimi! Mtu wa kuweka kidole cha wino mahali pa jina! Na sitakudanganya, ilikuwa tamu.

Nikataka kujua ni mimi wanaheshimu ama ni nini. Asubuhi moja nikaacha ufunguo nyumbani makusudi, mtu wa kamati akatufungulia na wake. Nikawaambia wapange mitungi. Sauti ni ile, leso ni ile, uso ni huu mlioniona nao miaka yote hapa mtaani Wabera. Kijana mmoja akaniambia, "Shosho, enda kivulini upumzike." Nikarudi nyumbani, nikavaa kamba, nikaja nikasimama tu. Sikufungua mdomo. Wakapanga.

Na Ekai je? Unamkumbuka Ekai, yule Mturkana wa mkokoteni, ukigeuza kichwa tu ameshaingiza mitungi yake mbele, wewe unamfukuza na kandambili? Magoti yaliniuma siku tatu, nikampa yeye ufunguo. Watu wakasema uzee umenipanda kichwani. Halima, siku ya pili nikaenda kuchota, nikapata amechora mstari chini kwa kijiti na mitungi imesimama kama askari wa gwaride. Nikasogea mbele kidogo tu. Mimi, niliyempa! Akanionyesha nyuma na kidole. "Mama, hapa kuna utaratibu." Ekai na utaratibu! Nilicheka mpaka nikakalia mtungi wa wenyewe. Aliponirudishia ufunguo, kesho yake nikamshika akiingiza mitungi mbele. Nikamuuliza, si wewe ulichora mstari? Akasema, "Hiyo ilikuwa kazi, madam. Leo niko na kiu."

Nikacheka tena, lakini hapo katikati cheko likanikauka. Nilikumbuka siku yetu.

Wageni walikuwa wamekuja kutoka Meru, wakwe, watu wa kuleta maneno ya mahari ya mjukuu wangu, na kwangu hakukuwa na tone. Nikachukua mtungi nikapita laini yote nikaja mbele moja kwa moja. Nilijua uko hapo. Tumekaa sokoni miaka thelathini, mimi na kabeji zangu, wewe na maziwa yako ya ngamia, kitambaa kimoja cha kutufunika jua. Mwanangu Mwenda alinyweshwa maziwa yako nilipolazwa hospitali. Nani atakuwa wa mbele kama si mimi? Na wewe hukunitazama hata usoni. Ukasema, "Rudi nyuma, mama."

Si kurudi nyuma kulikoniuma. Ni hilo "mama." Hukusema Mama Mwenda. Ulisema mama kama unavyomwambia mtu umemwona leo, ameshuka tu kwa gari. Laini yote ikasikia. Nikarudi nyuma, na sijui ni nini kilinirudisha. Wewe ni mdogo wa mwili, ningekusukuma na kiwiko tu. Lakini miguu yangu ilienda yenyewe, kama mbuzi. Mpaka leo najiuliza ilimsikia nani.

Miezi minne sikuzungumza na wewe. Halafu presha ikakuchukua asubuhi moja, na kabla ya adhuhuri kuisha ulikuwa umeshazikwa. Nilikuja nikaosha vyombo vya watu nyuma ya nyumba. Sikuwa na uso wa kuingia ndani.

Sasa sikia hii. Mwezi uliopita, jua kali, Rukia alikuja bombani mtoto mgongoni. Alipita laini akaja mbele, vile nilifanya mimi. Nikasikia sauti ikitoka kwangu. "Rudi nyuma, mama." Halima, ilikuwa sauti yako! Hata lile koo lako la kukwaruza. Mtoto niliyemshika akiwa na siku tatu, nikamwita mama. Akasema, "Sawa, madam," akarudi. Hakuna mtu alinikemea. Wamama walitazama chini, na wale waliokuwa mbele yake walifurahi. Maji yakakatika kabla hajafika. Akaenda na mtungi mtupu.

Nilienda nyumbani nikakaa. Nikakumbuka msumari wako, ule wa mlangoni. Miaka yote nilikuona ukifika kwako unatundika ufunguo kabla hata ya kuvua viatu, ndio unaniambia karibu, Mama Mwenda. Hata ukija kwangu ulikuja bila huo ufunguo. Nilidhani unaogopa usipotee. Mjinga mimi! Ulikuwa unamvua yule mwanamke wa bombani ili ubaki wewe.

Nikatafuta msumari, nikaupiga mlangoni na jiwe, nikatundika ufunguo. Nikabeba mtungi wangu mwenyewe wa maji mpaka kwa Rukia. Magoti yalilia njia nzima. Alinitazama sana pale mlangoni, halafu akaupokea, akapika chai ya maziwa ya ngamia, sukari nyingi kama yako. Tangu hapo naenda kila Jumapili nikitoka kanisani.

Na Jumapili hii akiwa anapuliza moto akanihadithia: "Kuna siku mama alirudi nyumbani jioni na mtungi mtupu, na pindo la dera limelowa. Nikamuuliza nini, akasema amejikwaa kwa mtaro, maji yakamwagika."

Halima. Ulisema ulijikwaa.

Rukia, andika hii pole pole. Mama yako hakujikwaa. Ile siku ya wageni, alipofunga bomba, alichukua mtungi kutoka nyumbani kwenu, akaubeba mgongoni mpaka kwangu. Hakuwa na ufunguo shingoni. Alisimama kwa lango langu akaita, "Mama Mwenda, fungua, mgongo unakatika." Nikafungua. Nikapokea mtungi. Nikaumwaga wote chini mbele yake, maji yakampata miguuni, kuku wakakimbia. Yeye aliangalia vile mchanga unakunywa. Akasema ile "tole" ya lugha yenu, ya kusema basi, sawa. Akaokota mtungi akaenda.

Rukia ameweka kalamu. Ametoka nje.

Hayo ya juu na haya ameyaandika aliporudi, anasema nisimruke. Alisimama kwa ua muda mrefu, mtoto akaamka akanyamazishwa. Akaingia akasimama. Akaniuliza kama mtungi ulikuwa umejaa. Nikasema ulijaa mpaka mdomoni. Akaniuliza, "Na alikuita kwa jina?" Nikasema ndiyo, aliniita. Sikumwomba asamehe, ningekuwa namwongezea mzigo juu ya mtoto. Kisha akakaa kwa stuli, akafungua ukurasa mwingine, akasema, "Endelea, hujamaliza."

Sijamaliza kweli. Ile ya wewe kunirudisha nyuma, na ile ya Rukia, naweza kusema ni ufunguo ulisema. Hiyo naielewa sasa, na kwa upande wako nimeachilia. Lakini maji niliyamwaga bila kitu shingoni. Nani alinishika mkono? Nimeligeuza hili kila upande. Wakwe walikuwa wamekaa uani, wanaangalia. Nilikuwa nimevaa leso mpya, mimi ndiye mama wa boma, mtu wa kuheshimiwa, na niliaibishwa asubuhi hiyo hiyo. Kama uani kungekuwa hakuna mtu, ningemwaga? Nataka kusema hapana. Nikikutazama usoni, sijui. Labda kulikuwa na ufunguo mwingine sikuuona. Lakini mkono ulikuwa wangu, na sitaupa mtu mwingine.

Rukia anauliza kama nataka kufuta hapo. Acha.

Basi Halima, nikuache ulale. Bomba nitaendelea nalo mpaka magoti yakatae, na watu nitawarudisha nyuma, kwa sababu wewe ulikuwa na haki, laini ni laini, na kuna mama alikuwa amesimama hapo kabla yangu tangu alfajiri. Sikumfikiria hata kidogo. Lakini nakuahidi hii, na binti yako ni shahidi. Hakuna mtu nitamrudisha bila kumtazama usoni na kumwita jina lake. Nisipolijua nitamuuliza, hata kama laini yote itanung'unika. Na ufunguo hautavuka msumari wa mlango wangu kuingia ndani.

Jumatatu Rukia atakuja kuchota. Nitasema, "Rukia Halima, rudi nyuma," na atarudi. Jioni mtungi nitaubeba mimi mpaka kwake.

Mama Mwenda wako.

(Hapa chini ni kidole changu. Rukia alitaka kuniandikia jina, nikakataa.)