Kuhusu Mtoto Aliyefungiwa Ndani ya Gari la Kuuzwa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mama Sindano, ndivyo ninavyojulikana. Umri: miaka 26. Kazi: mshonaji. Makazi: chumba namba 6, nyumba iliyo nyuma ya mashine ya kusaga.

Ninaeleza kwa hiari yangu, kwa kuwa dalali wa magari anadai nilimsahau mwanangu wa mwaka mmoja na miezi minane ndani ya gari.

Mnamo tarehe 14 mwezi huu, saa 6:30 mchana, nilifika yadi ya magari nikiwa na mtoto na fundi magari wa mtaani kwetu. Nilikuwa nachagua kati ya magari mawili. La kwanza lilikuwa limetembea kilomita 310,000, daftari lake la matengenezo lipo. La pili lilisoma 96,000 tu, na bado bei ilikuwa chini. Mume wangu alisema kwa simu, "Hilo la kwanza ni babu. Usije ukaniletea mgonjwa wa kuuguza." Mimi pia bei ilinivuta. Fundi ndiye aliyemtaka huyo babu. Alinionyesha mpira wa pedali ya breki ya gari la pili, umelika hadi chuma. Akasema, "Mama, hii dashibodi ya bibi harusi, miguu ya bibi kizee." Tulicheka, hata dalali alicheka.

Saa 7:30 fundi aliwasha injini ya gari hilo la pili aisikilize. Mtoto alikuwa ameshasinzia, nikamlaza kiti cha nyuma kwenye ubaridi wa kiyoyozi. Mlango niliufunga mimi, ubaridi usitoke. Hilo ni kweli.

Saa 7:40 fundi alikuta kikaratasi chini ya boneti, kimeandikwa oili ibadilishwe tena kwenye kilomita 287,400, ilhali dashibodi inasoma 96,000. Akanipa, nikakisoma kwa sauti. Dalali alizima injini, akachomoa ufunguo, akafunga milango yote kwa rimoti. Vioo vilikuwa juu.

Akasema, "Dada yangu, hicho ni mali ya yadi. Nipe, nikufungulie."

Fundi akasema, "Usimpe, mama. Ukimpa tunabaki na maneno matupu."

Sikumpa mara moja. Hilo nalo liandikwe. Nilibishana naye kama mtu anayeomba kupunguziwa bei. Mtoto akaamka. Alipiga kioo kwa viganja, halafu akaacha kupiga. Fundi alinyanyua spana avunje kioo, dalali akamdaka mkono. Nikampa kikaratasi. Alikitia mdomoni, akakitafuna, ndipo akafungua. Ilikuwa saa 7:49. Nywele za mwanangu zilikuwa zimelowa chapachapa.

Afande ameniuliza kama huenda nilipitiwa. Sikupitiwa. Nilisimama hatua moja tu kutoka alipo, namwona.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Nimesomewa, ni maneno yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Nimeyaandika mimi, askari wa zamu, saa 10:05 jioni, shahidi akiwa amempakata mtoto. Kabla ya kusaini ameomba neno "nilimwacha" lifutwe, liandikwe "nikamlaza". Nimelifuta.