Aliyefungua Ndiye Afunge

Chumba cha juu,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. U hali gani huko, na goti linaendeleaje? Binamu ameniambia siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikacheka peke yangu kama mwehu. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kabla hujauliza: ndiyo, nalala mapema.

Shangazi, sikufukuzwa! Nianze na hilo, maana najua roho yako imekuwa juujuu tangu nilipokupigia simu nikilia.

Unaikumbuka ile programu yangu ya duka la dawa. Mfamasia akifunga dirisha la mgonjwa mmoja kwenye kompyuta, programu nzima inakata roho, na foleni imefika mlangoni. Bosi alisema wazi: isipopona kufikia mwisho wa mwezi inatupwa, na mimi nifungashe virago.

Nilihangaika weee! Basi siku moja nanawa mikono kazini, mwenzangu akapita akafunga bomba, mimi bado nina povu. Nikafoka, "Aliyefungua ndiye afunge!" Sauti ilikuwa yako kabisa. Nikabaki nimesimama na povu langu, nakumbuka nyumba yetu ya wapangaji na koki moja uani. Mtu kapita, kaifunga kwa nia njema, kumbe Binamu yumo bafuni na sabuni machoni. Zile kelele! Ndipo ukapitisha sheria, na majirani wakakubatiza Mama Koki.

Programu yangu ilikuwa ni uani kwetu kabla ya sheria. Kompyuta hulipatia kila dirisha namba yake, nami nilizigawa namba hizo ovyo, kila kipande cha programu kikawa na uwezo wa kufunga dirisha lolote. Mfamasia analifunga, kipande kingine kinakwenda kulifunga tena, halipo. Kizaazaa.

Nikavunja, nikajenga upya. Sasa kila dirisha nimelivika ganda, kipande cha programu kinachoitunza ile namba na hakimpi mtu. Ukitaka dirisha likuzwe, liandikwe au lifungwe, unaliomba ganda. Ganda ndilo lililofungua, basi ganda ndilo linalofunga, mara moja tu. Niliandika ganda mama moja, mengine yote yakarithi tabia yake, kama sisi tulivyorithi mdomo wako.

Jumatatu mfamasia alifungua na kufunga kutwa nzima, hakuna kilichokufa. Jioni akanitumia ujumbe: "Leo nimekunywa chai ikiwa bado ya moto." Nikalia tena, safari hii kwa furaha. Bosi amenipa mkataba mpya, na likizo juu yake.

Nisalimie Binamu, mwambie naomba radhi kwa kumcheka tena. Na Baba Mkubwa, apunguze kubishana na redio. Mungu akulinde, alitie nguvu hilo goti.

Naja mwezi ujao, wala usisumbuke kutandika kitanda. Mlango wa nyumba yako ulinifungulia wewe, siku niliyofika na begi moja na hasira zangu zote. Kwa sheria yako mwenyewe, ni wewe tu uliyekuwa na haki ya kuufunga, na mpaka leo hujaufunga. Ahsante, Shangazi.

Akupendaye siku zote,
Mwanao, mwenye povu mikononi