Kumnusa Wafula

Mbotela, Jumanne, Agosti 1979

Hata mimi nimejichoka. Tangu kaka yangu Wafula aache kunywa chang'aa, miezi mitatu sasa, kila akitoka kazini namkimbilia na kumkumbatia. Mama hufurahi: "Tazama watoto wangu wanavyopendana." Kumbe namnusa mdomo.

Leo nilikuwa bombani nikifua. Nilipomwona anakuja, nikaacha nguo nikainuka. Akanizuia kwa mkono. Akainama, akanipumulia usoni mbele ya majirani wote: haaa. Harufu ya chai tu.

"Umemaliza?" akauliza. "Haya, sasa nisalimie, dada."

Nikampa mkono umejaa povu. Kumtazama usoni nilishindwa.

Na kesho akichelewa, Mungu anisamehe, najua nitamnusa tena.