Uzi Unaoning'inia

4 Machi

Mwanangu,

Hujambo, na kikohozi kimeisha? Mimi nimeshawekewa ule mrija wa kusafishia damu. Walinilaza chali, wakanifunika uso, wakanipiga ganzi. Umeingia shingoni kulia, ukapita chini ya ngozi, ukatokea kifuani, kama unavyopitisha lastiki kwenye upindo wa sketi. Nje imebaki mikia miwili yenye vizibo, chekundu na cha buluu. Mishipa ya mkono imekataa, kwa hiyo njia yangu ni hii. Daktari amesema niitunze, maana shingo ina pande mbili tu.

Nesi ameushikiza kwa nyuzi mbili. Mshono wenyewe, mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza ningemwambia afumue. Nilimwambia nesi. Akacheka: "Mama fundi, wewe shona magauni."

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa niko kwenye mashine yao. Siku nyingine niko kwenye yangu.

Mama yako

7 Machi

Shikamoo mama,

Kikohozi kimeisha. Naandika kwa sababu kwenye simu unasema "niko salama" kabla sijauliza.

Nimesoma kila nilichopata. Usijimwagie maji, jifute kwa kitambaa, bandeji isilowe. Bandeji aibadilishe nesi, nyote mkiwa mmeziba pua na mdomo. Vizibo visifunguliwe nje ya hospitali. Ukipata homa au baridi ya kutetemeka, usingoje siku yako; nenda saa ileile. Uchafu ukiingia kwenye mrija huo, unafika moyoni moja kwa moja. Naandika haya, halafu najiuliza kama nakutunza wewe au natuliza hofu yangu.

Kazi yangu ni kusahihisha vitabu vya watu, kutafuta kilichosahauliwa. Hapa sijasahau kitu.

Binti yako

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba, u mzima? Usishtuke. Leo nimetoka kusafishwa, nikakaa kumalizia sare za shule. Jasho lilikuwa limeinua pembe ya bandeji. Chini yake nikaona uzi unaning'inia, mrefu kama kidole. Mkasi mdogo, unaujua, hukaa shingoni mwangu kwenye utepe. Mkono ukaenda wenyewe. Miaka thelathini sijaacha uzi uning'inie.

Fundo likafumuka. La pili lilikuwa limeshalegea. Nilikwambia mshono ule. Mrija umeshuka kidogo. Kwenye tundu naona kikola cha kitambaa kinachouzunguka mrija, kilichokuwa ndani ya ngozi. Hauumi. Kurudi hospitali naona haya, watanicheka, fundi mzima. Nafikiri niurudishe kwa kidole, nibandike plasta mpaka Jumatatu.

Nampa dereva wa basi barua hii, kesho utaipata.

Mama yako

15 Machi, ujumbe wa simu

Mama, shikamoo. Barua nimeipata sasa hivi. Usiusukume. Kilichotoka nje kimeshachafuka. Funika kwa kitambaa safi, usiuvute, nenda hospitali sasa.

Nimepiga mara kumi na nne. Najua simu unaizima ukishona.

Niliandika maji, homa, vizibo. Mimi niliyekulia chini ya meza yako nikiokota vipande vya nyuzi, sikuandika mkasi.

Nakuja. Nijibu.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Umefika salama? Umekula? Siku tisa ulikaa kando ya kitanda changu ukirudia kwamba kosa ni lako. Nikanyamaza, nikakuacha ulibebe. Hapo ndipo nilipokukosea.

Ujumbe wako ulipoingia nilikuwa nimeshausukuma mrija tangu jana yake. Kidole nilikilamba kwanza, kama ninavyolamba uzi kabla ya kuutunga. Ile homa iliyonilaza niliipeleka ndani mwenyewe. Daktari nimemwambia leo. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi.

Mrija mpya wa kushoto unafanya kazi. Hakuna upande wa tatu.

Mkasi mdogo umo humu, nimeuviringishia kitambaa usikuchome. Kaa nao. Wateja watalalamika.

Nesi aliyenishona safari hii naye ameacha uzi mrefu. Bandeji hii inaonyesha ndani, nauona kila nikijitazama kwenye kioo cha wateja. Unaning'inia. Nauacha.

Mama yako