Uwanja Tuliousiriba

Kemunto, dada yangu,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wewe ndiye uliyenilazimisha kukijua. Nyumbani sote tulisema Kigusii, lakini tukienda mtoni hukunipa hata kata ya kuchotea maji mpaka niiombe kwa Kiswahili cha shule. Ulikuwa na maringo, wewe. Sasa nimezeeka, nyumba hii ya Sironga ina vyumba vingi kuliko watu, na nikikosea neno hakuna wa kunicheka.

Unaukumbuka ule uwanja wa netiboli? Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, mimi darasa la nne, wewe la saba na mfungaji wa timu. Kiangazi kikifika mlicheza mkikohoa vumbi. Wasichana wa Ogembo walikuwa waje kucheza nanyi, na mwalimu wenu aliona haya kuwakaribisha kwenye vumbi lile. Mama ndiye aliyetoa shauri. "Sakafu yangu ina vumbi? Basi usiribeni kama nyumba." Nani angembishia, na sakafu yake ilisifiwa kijiji kizima? Mkabeba mavi ya ng'ombe kwa ndoo kutoka kila boma, mkayachanganya na majivu, na mama akapiga magoti kati yenu kuwaonyesha namna ya kupitisha mkono. Mlisiriba mkiimba. Uwanja ulipokauka ukawa laini, baridi chini ya nyayo, nasi sote tulikuwa peku. Sijaona watu wakijivunia kitu namna ile.

Mechi ilikuwa Ijumaa, mkacheza kwa haraka ili jua lisizame na Sabato ikawakuta uwanjani. Ulianguka, goti likachubuka, ukapangusa damu kwa kiganja ukaendelea kucheza. Kilikuwa kidonda cha kitoto tu. Kikafanya gaga, tukakisahau.

Kisha asubuhi moja ulishindwa kutafuna ndizi. "Taya limekaza," ulisema, nami nikakutania kwamba umeanza kuringia hata chakula. Kufikia jioni mgongo wako ulikuwa umepinda. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Baba hakuwasikiliza, akaomba lori la majani chai likupeleke hospitali ya Kisii. Huko tulikatazwa kuingia, maana hata mlango ukibamizwa mwili wako ulikazana upya. Sikukuaga. Daktari alimweleza baba kwamba ni pepopunda, kwamba hukaa kwenye udongo na kwenye mavi ya wanyama, na kwamba iliingilia gotini. Baba, maskini, alimrudia mama na maneno hayo kama alivyoyapokea.

Mama hakusiriba tena. Sakafu ikapasuka, viroboto wakaingia, shangazi zetu wakaja kusaidia naye akawafukuza. Tuliishi hivyo mpaka baba alipopata saruji. Hakuna aliyemlaumu hata siku moja, na nadhani hilo ndilo lililomtesa zaidi, kwa kuwa hakupata mtu wa kujibizana naye. Kitanda chetu nikalala peke yangu, katikati, kisha nikarudi upande wangu kwa sababu katikati palikuwa pabaya.

Sasa sikia kinachonikosesha usingizi. Binti yangu anafanya kazi mbali na ameniachia mtoto wake, msichana. Anaitwa Kemunto, jina hilo nilimpa mimi. Anasoma Nyamira mjini, anacheza kandanda, na shuleni kwao wametandika nyasi za plastiki. Ni kijani mwaka mzima, hakuna tope wala vumbi, na kila mtu anazisifu. Nikikung'uta soksi zake zinamwaga punje nyeusi za mpira wa matairi, zile wanazomwaga kati ya nyasi hizo. Jua likiwa kali zulia lile linachoma miguu, na akiteleza linamkwangua ngozi kama aliyebabuliwa na sufuria. Kuhusu zile punje, redioni wanabishana. Huyu anasema zina kemikali za kudhuru, yule anasema hilo halijathibitishwa. Mimi ninachokisikia ni kwamba bado wanatafuta. Hata sisi hatukujua, dada, na tulikuwa na nia njema.

Nilitaka kumkataza. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mtoto akaninunia hadi nyumba ikawa kimya kuliko nilivyoweza kuvumilia, nikakubali kwa masharti: chanjo ya pepopunda, na nilimpeleka mwenyewe, maji na sabuni kwa kila mchubuko, jua la saa saba hachezi. Mama yake akaniambia kwa simu, "Mama, unazidisha." Ndiyo, nazidisha.

Majuzi alianguka, paja likachunika. Nikamwosha. Siku chache baadaye alisukuma sahani yake. "Sitaki kula, nyanya." Kemunto, sijui nilivyofika upande wa pili wa meza. Nilimshika kidevu nikampigia kelele, "Fungua mdomo! Fungua nione!" Akaufungua wote, macho yamemtoka. Taya lilikuwa zima. Alikuwa amekula mandazi njiani, basi. Nikaketi pale chini nikalia mbele ya mtoto.

Ndipo nikamsimulia habari zako, zote. Alinisikiliza akiwa amenishika bega. Nilipomaliza akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Kwani alikuwa anajua kucheza?"

Nikamwambia ulijua sana. Kisha nikageuka, kwa mazoea tu, nimtafute mtu wa kuniitikia kwamba ni kweli. Baba hayupo. Mama hayupo. Mwalimu wenu tulimzika, na wale wasichana wa timu waliolewa huku na kule. Sijui hata mmoja aliye hai. Ninayekukumbuka ukicheza nimebaki mimi, na ukweli ni kwamba sikuona sana. Nilikuwa mfupi, watu wazima walinizibia. Sehemu kubwa ya mechi ile niliona migongo ya watu na kusikia wakilitaja jina lako.

Kesho mtoto ana mechi. Nitakwenda mapema, nisimame mbele.

Pumzika, dada yangu. Nimekukosa sana.

Ni mimi, mdogo wako,
Moraa