Shikamoo ya Kidato cha Tatu

Jumatano jioni

Sheria niliitunga mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Mchezo wa marudio ya hisabati: atakayekosea ubaoni anaipa timu pinzani shikamoo. Nani anataka kumpa shikamoo mtu wa rika lake? Wanafunzi wangu walikokotoa hadi jasho likawatoka.

Kisha wakataka na mimi nicheze. Kwa kiherehere changu, nikakubali.

Nikafungua mabano harakaharaka. Kabula, binti wa wafugaji anayekuja kwa baiskeli kutoka bondeni na kukaa nyuma kabisa, akainuka kimya, akaja ubaoni, akafuta alama yangu ya kujumlisha kwa kiganja, akaandika ya kutoa. Alikuwa sahihi!

Darasa zima likapiga meza. "Amkia, mwalimu! Amkia!"

"Shikamoo," nikasema. Mimi, mtu wa miaka arobaini na moja.

"Marahaba, mwalimu. Hujambo?" Kabula akaitikia.

Walicheka mpaka dawati moja likavunjika mguu. Nilipogeuka, mkuu wa shule alikuwa amesimama dirishani.

Kesho asubuhi ananitaka ofisini. Atauliza nidhamu imekwenda wapi. Ila tangu Januari nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ya Kabula.